Asili na Nakala

Kitu kinaponakiliwa, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja hudharau nakala kwa sababu si asili. La pili huikumbatia kwa sababu halioni tofauti. Makundi yote mawili hutazama sura peke yake, na sura ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni haki: nani alikuwa na asili, nani anayo sasa, na nakala imefanywa kwa faida ya nani. Katika nusu hii ndimo linamokaa swali la adili, nalo ni hili: mtu aliyenyang'anywa kitu chake, akiletewa mfano wake usio na kasoro, je, amelipwa?

Swali hili si la kubuni. Katika mwaka 1562 watawa wa San Giorgio Maggiore, kisiwa kidogo kinachotazamana na mji wa Venice, walimwagiza Paolo Veronese picha ya kupamba ukuta wa bwalo lao la chakula, lililokuwa kazi ya Palladio, mjenzi mashuhuri wa zama zile. Mwaka uliofuata picha ilikuwa tayari. Ilikuwa Arusi ya Kana, upana wake karibu mita 10 na kimo chake karibu mita 7, na ndani yake mna watu zaidi ya 100 wanaokula, wanaotumikia, wanaopiga muziki na wanaomimina divai. Haikuchorwa kuwa kitu cha kuhamahama. Majengo yaliyomo ndani yake yalionekana kama mwendelezo wa bwalo lenyewe, na mtawa aliyekula mkate wake kwa kimya aliweza kuinua macho akaona karamu nyingine juu ya karamu yake.

Katika mwaka 1797 majeshi ya Napoleon yaliitwaa picha hiyo. Kwa kuwa ilikuwa kubwa mno kubebwa nzima, ilikatwa vipande, ikapelekwa Paris, ikashonwa tena na kutundikwa katika jumba la Louvre. Napoleon alipoanguka katika mwaka 1815, vitu vingi vilivyotekwa vilirudishwa kwa wenyewe. Picha hii haikurudi. Ilisemekana kuwa ni dhaifu, haiwezi safari. Badala yake Venice ilipewa picha ya mchoraji wa Kifaransa, Charles Le Brun. Walakini vita vilipoikaribia Paris katika mwaka 1870, picha ile ile iliyoambiwa haiwezi safari ilisafirishwa mpaka Brest, na katika vita vya pili vya dunia ilisafiri tena. Udhaifu wake ulikuwa mkubwa ilipotakiwa kurudi kwao, ukapungua ilipotakiwa kuokolewa kwa ajili ya aliyeishika.

Katika mwaka 2006 taasisi ya Giorgio Cini, inayotunza majengo ya kisiwa kile, ilipata ruhusa ya Louvre picha inakiliwe. Kazi walipewa mafundi wa Factum Arte wa Madrid. Kitu kikubwa kama hicho hakinakiliki kwa kutazamwa mara moja. Kamera ikisimama mbali ili ione chote, hupoteza alama za brashi. Ikisogea karibu, huona kipande tu. Tena lenzi hupinda mistari ya kingoni, na taa huangaza katikati kuliko pembeni. Dawa yake ni subira: kusoma kipande baada ya kipande, kila kimoja kikiingia kidogo katika mpaka wa jirani yake, kisha kompyuta ikaviunga vyote. Rangi ya kipande kimoja ikiachana kidogo na ya kingine, mshono huonekana, na jicho lililoona mshono haliamini tena lolote. Haba na haba hujaza kibaba. Mashine ilifanya kazi jumba likiwa limefungwa kwa wageni, wala haikuigusa picha. Rangi zililinganishwa kwa macho mbele ya asili yenyewe. Kisha picha ilichapwa kwa ukubwa wake kamili juu ya kitambaa kilichoandaliwa kwa desturi ya wachoraji wa kale, vipande vikaunganishwa, na viungo vikasahihishwa kwa mkono. Mnamo Septemba 2007 nakala ilitundikwa katika bwalo la Palladio, juu ya ukuta uliokuwa umekaa bila picha yake kwa miaka 210.

Haifai kuidharau kazi hiyo. Mtu anayekwenda Louvre huikuta asili katika chumba kimoja na Mona Lisa, ukutani mkabala, na wageni wengi huipa mgongo ili waitazame jirani yake. Mtu anayekwenda San Giorgio huikuta nakala pahali alipopakusudia Veronese: juu ya vichwa vya walaji, katika mwanga wa madirisha yale yale. Hapana shaka kuwa katika jambo hili nakala husema kweli zaidi kuliko asili, maana pahali palikuwa sehemu ya picha, na asili ilipoteza pahali ilipong'olewa. Anayesema kuwa nakala zote ni uongo hajafikiri sana. Uongo si kufanana. Uongo ni kudai kuwa kile usicho, na nakala hii haidai.

Lakini hapo ndipo hatari inapoanza. Nakala ikiwa mbaya, aliyenyang'anywa huendelea kulalamika, na malalamiko yake huihifadhi haki yake. Nakala ikiwa nzuri mno, huja mtu akamwambia, "Sasa unalia nini? Si unayo?" Hivyo ustadi wa fundi, uliokusudiwa kuwa faraja, waweza kugeuzwa kuwa kufuli la kinywa. Nakala ya Venice iliagizwa na watu wa Venice wenyewe, wala haikutolewa na Louvre kuwa fidia. Hata hivyo neno hilo huweza kusemwa mbele ya nakala yoyote ya kitu kilichotekwa, na kila mashine zinapozidi kuwa hodari ndivyo litakavyozidi kuwa jepesi kutamkwa.

Kiko kipimo kimoja cha kulipima. Ikiwa nakala na asili ni sawasawa, basi aliyeishika asili na achukue nakala, asili arudishe. Hatapungukiwa na kitu. Akikubali, jambo limekwisha. Akisita, kusita kwake ni ushahidi: anajua kuwa kimo kitu ndani ya asili kisichoingia katika nakala, nacho ndicho anachotaka kubaki nacho. Haiwezekani kitu kimoja kiwe sawa na kingine kinapotolewa, na kiwe bora kuliko kingine kinapoombwa.

Katika mwaka ule ule wa 2007, vigango viwili vilivyoibwa katika pwani ya Kenya vilirudishwa huko kutoka Marekani. Kigango ni nguzo ya mti inayochongwa na Wamijikenda kwa ajili ya mzee mheshimiwa aliyefariki, nayo husimamishwa iwe makao ya roho yake. Mashine iliyosoma turubai la Veronese ingeweza kusoma kila chale ya nguzo hizo, na fundi angetoa nyingine ambazo jicho lisingezitenga. Lakini jamaa za marehemu hawakupotewa na umbo la mti; walipotewa na mzee wao. Picha ya Kana ilifanywa itazamwe, kwa hiyo nakala yaweza kurudisha sehemu kubwa ya kazi yake. Kigango kilifanywa kikaliwe, na hapana awezaye kuchapa mkaaji.

Basi nakala ni nini, ikiwa si uongo wala si malipo? Ni shahidi. Kazi yake ni kusimama mahali pa tukio na kusema kilichokuwapo na kilichoondoka. Kwa sababu hiyo mnakili amefungwa na sheria ya shahidi: asizidishe, asipunguze. Atashawishika kuipendeza kazi, kuziba mshono uliotokana na kisu cha 1797, au kufuta tundu zilizoingia turubai lilipopatwa na ajali katika mwaka 1992 likiinuliwa. Lakini nakala isiyo na makovu husimulia habari ya kitu kisichowahi kudhulumiwa, na huo si ushahidi tena.

Shahidi mwema huheshimiwa, huwekwa mbele ya watu, na husikilizwa. Lakini hapajapata kuwako baraza la haki ambalo, baada ya kumsikiliza shahidi, lilimkabidhi kwa mdai aende naye nyumbani badala ya mali yake.