Maji Meupe, Je, Ni Maji Mema?

Mtu akitupa maji ya kunywa, sisi sote tunafanya namna moja: tunayatazama, tunayanusa, tunayaonja. Yakiwa meupe, tena hayana harufu wala ladha mbaya, tunasema, "Maji haya ni mema", na tunakunywa bila hofu. Macho, pua na ulimi ndio mashahidi wetu watatu. Lakini je, mashahidi hao wanatosha? Na yule anayewapa wenzake maji pasipo kuyapima, akawadhuru bila kujua, ana hatia au hana? Ndilo swali tunalotaka kulifikiri pamoja.

Tuitazame nchi moja ya mbali, Bangladeshi, maana jambo hili lilitokea huko kwa ukubwa wa kutisha. Zamani watu wengi wa vijiji vyake walikunywa maji ya mabwawa na ya mito, na watoto wengi walikufa kwa kuhara na kipindupindu. Tangu miaka ya 1970 serikali, ikisaidiwa na shirika la Unicef, ilichimba visima vyembamba vyenye pampu za mkono. Watu walifurahi. Maji yalitoka baridi na meupe, hata wenyewe wakajichimbia visima vingine kwa fedha zao, vikawa mamilioni. Ile ilikuwa kazi ya upendo, wala hatuna ruhusa ya kuidharau.

Kumbe, chini ya ardhi mlikuwamo sumu iitwayo aseniki. Hakuna mtu aliyeitia. Imo katika udongo wenyewe. Aseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha. Haiui kwa siku moja kama kipindupindu. Mtu hunywa miaka mingi, kisha madoa hutokea katika ngozi, viganja na nyayo huwa vigumu, na baadaye wengine hupatwa na kansa. Majirani waliwaogopa wagonjwa, wakidhani wana ugonjwa wa kuambukiza au laana. Katika nchi jirani ya India waganga walikwisha kuwatambua wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1983, lakini katika visima vya Bangladeshi sumu ilivumbuliwa mwaka 1993 tu. Kwa miaka ile yote maji yalisifiwa, na hakuna aliyeyapima kwa ajili ya aseniki.

Sasa sikieni jambo linalogusa swali letu zaidi. Mwaka 1992 wataalamu wa miamba kutoka Uingereza walitoa taarifa juu ya maji ya visima kadhaa vya nchi ile. Walitafuta vitu vingi ndani yake, lakini aseniki hawakuitafuta, wala taarifa yao haikuitaja. Baadaye mwanakijiji mmoja aliyeugua aliwashtaki huko Uingereza. Mwaka 2006 majaji wakuu walilikataa shtaka lake. Walisema wataalamu wale hawakuwa na mamlaka juu ya maji ya kijiji kile, wala hawakutamka kwamba hayana aseniki. Basi kwa sheria hawakuwa na deni kwake.

Sisi hatukai katika kiti cha majaji, wala hatutaki kuwahukumu watu wale mara ya pili. Lakini tunajua kwamba sheria na dhamiri si kitu kimoja. Sheria huuliza kama tulikuwa na deni. Dhamiri huuliza tena kama tuliweza kujua, na kama tulitaka kujua. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kutojua si kwa namna moja. Kuna kutojua kwa mtu asiyeweza kabisa kujua: huyo hana hatia. Kuna kutojua kwa mzembe, aliyepaswa kuuliza asiulize. Na kuna kutojua kwa yule anayekataa kusudi kujua, ili asizuiliwe katika mambo yake: huyo hatia yake haipungui hata kidogo.

Mara nyingi sisi tumo katika aina hizi mbili za mwisho. Mwenye kisima anayeuza maji kwa bidoni haendi kuyapima, maana anaogopa kupoteza wanunuzi. Komite ya chemchemi haipimi, maana wakubwa wamekwisha kuja kufungua bomba na kupiga makofi. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humwumbua.

Labda mtu atatuuliza, "Kuna faida gani kuwaambia watu kwamba maji yao ni mabaya, ikiwa hawana mengine? Si kuwatia hofu bure?" Swali hili ni la haki. Tujibu kwa mfano wa Bangladeshi yenyewe. Tangu mwaka 2000 hata 2003 wapimaji walipita vijijini, wakapima visima kama milioni 5. Kisima chenye sumu kupita kipimo cha serikali walikipaka rangi nyekundu, na kingine rangi ya kijani. Vilivyopakwa rangi nyekundu vilikuwa kama milioni 1.4. Rangi haikuleta tone moja la maji mapya. Lakini mama wa nyumba alijua sasa: maji ya kisima chekundu ni ya kufulia nguo, na maji ya kunywa atayaomba kwa jirani mwenye kisima cha kijani. Na jirani yule alijua kwamba kumnyima si jambo dogo. Kweli ile ilikuwa mali ya watu wenyewe. Haikuwa ya kufichwa. Tena anayewaambia kweli asiondoke mara moja, bali akae nao watafute njia.

Na huku kwetu? Katika milima ya Kivu hatari kubwa ya chemchemi nyingi ni vijidudu vya mavi. Mpimaji huchukua maji katika chupa iliyosafishwa kwa moto, huyaweka katika joto karibu siku moja, kisha huhesabu vijidudu vilivyozaliana. Katika mililita 100 asionekane hata kimoja cha mavi. Tuchemshe maji, vijidudu hufa. Lakini kuchemsha hakuondoi aseniki, wala risasi, wala floridi, ile inayoharibu meno katika nchi za volkeno. Na mahali panapochimbwa shaba na kobalti, ni lazima kutafuta metali pia. Tena jibu la leo ni la leo; baada ya mvua kubwa maji ya chemchemi huweza kubadilika.

Basi, wasomaji wapenzi, siku watakapowaambia kwamba maji ya mtaa wenu yamepimwa, yako salama, msiwatukane wala msiwasifu upesi. Waulizeni kwa heshima: Mlitafuta nini? Nini hamkukitafuta? Mtarudi lini kupima tena? Na ninyi mlio katika komite, mkiulizwa hivyo, jibuni yale mnayoyajua tu, na yale msiyoyapima myataje pia, maana watoto watakaokunywa maji yale hawawezi kuwauliza wenyewe.