Sadaka zetu ni nyingi, tatizo hazijuani

 

Ndugu Waislamu, mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ilikuwa na hekima yake. Lakini kwa mkazi wa Ujiji, Kibirizi au Katonga, ziwa ndilo shamba. Likifungwa, hakosi mvuvi peke yake. Anakosa mbeba mizigo, anakosa mama anayeanika dagaa mchangani, anakosa na muuza chai wa mwaloni.

Idi ya kuchinja ya mwaka 1445 Hijria iliangukia Juni, katikati ya kipindi hicho. Hapo ndipo pa kujiuliza namna tunavyotoa. Anayeijua miji yetu anajua utaratibu wake. Msikiti huu una mfadhili, ule hauna. Mjane anayejulikana na maimamu watatu hupata nyama mara tatu kwa siku moja, na jirani yake asiyejulikana na yeyote hunusa harufu tu. Ramadhani futari hujaa, ikifika Shawwal milango hufungwa. Hakuna aliyedhulumu kwa makusudi. Kila mmoja ametoa kwa ikhlasi, ila hakuna aliyejua mwenzake ametoa wapi.

Katika Suratul Baqara, aya ya 273, Allah (SW) anatutajia mafukara ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Mvuvi aliyezoea kulisha watu tisa kwa jasho lake ni katika hao. Hatasimama mlangoni kwako na bakuli. Basi ni wajibu wetu kumtafuta, na mtu mmoja hawezi kuzitafuta nyumba zote za mji.

Mtume (SAW) ametuonesha njia. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa, amewasifu watu wa kabila la Ash'ari. Chakula kilipowapungukia safarini au mjini Madina, walikusanya kila walichokuwa nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (SAW) akasema kwamba hao ni katika yeye, na yeye ni katika wao. Tazama, ndugu yangu: hawakusifiwa kwa wingi wa mali, kwani walikuwa wamepungukiwa. Walisifiwa kwa nguo moja na chombo kimoja.

Watu wa Ujiji si wageni wa jambo hili. Katika karne ya 19 mji huu uliunganishwa na Tabora na Bagamoyo kwa upande mmoja, na Kongo kwa upande wa pili wa ziwa. Bidhaa zilikwenda kwa kuaminiana baina ya watu walioachana mwendo wa miezi. Njia hizo hizo zilipitisha elimu ya dini, na ndizo zilizopitisha pia watumwa na machozi yao. Ndiyo maana aya ya 2 ya Suratul Maida ina pande mbili: tusaidiane katika wema na ucha Mungu, wala tusisaidiane katika dhambi na uadui. Umoja peke yake si wema. Wema ni kile unachoubebesha.

Wapo watakaosema sadaka ni siri. Ni kweli, na siri hiyo ni katika mkono unaotoa. Orodha ya wahitaji haimtaji mtoaji, wala haifai kubandikwa ukutani. Wengine watasema hawaaminiani katika fedha, au kwamba msikiti ule ni wa twariqa na huu si wa twariqa. Basi kila msikiti ubaki na mfuko wake. Kinachotakiwa kuwa kimoja ni orodha.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, maimamu wa kila kata, pamoja na akina mama wawili au watatu wanaozijua nyumba, wakae waandike wahitaji wa kata nzima. Allah (SW) ametuamrisha kuandika deni katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an (2:282). Haki ya fukara haistahiki kuachiwa kumbukumbu ya mtu. Pili, wagawane miezi, ili msaada usimalizike wote Ramadhani. Tatu, hesabu isomwe hadharani baada ya Swala ya Ijumaa: kiasi kilichoingia, kilichotoka, na idadi ya nyumba, bila kutaja majina. Hapo hata ndugu zetu walioko Kariakoo na Muscat, ambao leo kila mmoja humtumia shangazi yake kwa simu, watakuwa na pa kuelekeza ziada.

Ziwa letu lina nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Samaki hawajui mipaka, hivyo nchi moja ikilipumzisha na nyingine zikaendelea kuvua, kazi ni bure. Njaa nayo haijui mpaka wa msikiti. Ziwa likifungwa tena, orodha iwe tayari. Tuanze Ijumaa hii.