Mkwaju Ambao Hakuna Aliyeuona

Sijawahi kuona kiwanja cha gofu Sumbawanga. Nyasi zipo, tena za kumwaga. Ukitoka mjini kuelekea Laela unauona uwanda umelala mpaka macho yanachoka, na upepo wa Juni unaoweza kuuchukua mpira ukaupeleka unakotaka wenyewe. Lakini mwenye nyasi hapa ni ng'ombe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiniuliza kijana wa Ufipa ana shida gani na wacheza gofu wa kulipwa, una haki ya kuuliza. Mimi nimenaswa na jambo moja tu: katika mchezo huu, mchezaji hujishtaki mwenyewe.

Mwaka 1925, kwenye mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones alikuwa anajiandaa kupiga, mpira ukasogea kidogo majanini. Wengine hawakuona. Akajiongezea mkwaju mmoja. Mwishoni akalingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, akashindwa. Watu wakamsifu mpaka leo.

Rafiki yangu mmoja huwa anacheka nikimsimulia hayo. "Uaminifu ni wa walioshiba, bwana!" Na kweli, Jones alikuwa mtoto wa wakili, mchezaji wa ridhaa. Hakutegemea gofu kula. Mkwaju ule ulimnyima kikombe, haukumnyima chakula.

Sasa mchukue mtu kama Dismas Indiza wa Mumias, Kenya, aliyeanza kwa kuwabebea wengine mifuko ya fimbo. Mchezaji wa kulipwa wa aina hiyo hana mshahara. Katika mashindano makubwa anacheza siku mbili, halafu unakuja mchujo. Ukikosa kwa mkwaju mmoja unarudi nyumbani mikono mitupu, na nauli ulishatoa. Kenya wana mashindano yao ya wazi tangu 1967. Seve Ballesteros aliyachukua 1978, Ian Woosnam 1986, Mkenya bado. Aliyekaribia ni Jacob Okello, mwaka 1998. Alilingana na Ricardo González wa Argentina, wakaenda mashimo ya nyongeza, Okello akapoteza. Siku nne za kutembea juani, na tofauti ya maisha yote ni mkwaju mmoja! Sisemi alikuwa na nafasi ya kuuficha wowote. Nasema mtu wa namna hiyo, mpira wake ukisogea kichakani akiwa peke yake, je, ana deni lilelile alilokuwa nalo Jones?

Zamani ningejibu hapana, bila kufikiri. Kanuni zimeandikwa na wenye viwanja, na kedi hana deni kwa wenye viwanja.

Huku kwetu tuna lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza mahindi, kisha analishonea kilima juu, na wewe unalipwa gunia moja. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilichoka kuibiwa. Usiku nikachanganya mahindi yaliyooza, nikayafukia katikati ya gunia, mazuri juu na chini. Asubuhi mnunuzi akachota ya juu, akatafuna punje mbili, akaridhika. Nilijiona nimelipiza kisasi cha ukoo mzima.

Miaka ikapita ndipo nikajiuliza nani aliyakula. Si yule mnunuzi, huyo aliuza siku hiyohiyo. Ni mtu aliyenunua debe moja sokoni, pengine mama mwenye watoto, naye pia alipunjwa kipimo kama sisi.

Hapo ndipo gofu iliponirudia kichwani. Mkwaju unaoficha huwaibii wenye kiwanja, wao wanalipwa kwa vyovyote. Unamwibia aliyekosa mchujo kwa mkwaju mmoja nyuma yako, kedi wa jana, mwenye karo ya watoto kama wewe. Na yule Macfarlane? Alikuwa mchezaji wa kulipwa, mwajiriwa wa klabu. Kumbe mkwaju aliojiongezea tajiri ulitua mezani kwa mtu aliyekula kwa gofu. Rafiki yangu nilipomwambia hilo hakucheka, ila alisema bado ni rahisi kutoa ukiwa nacho. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Gunia langu lilipakiwa kwenye lori la Tunduma. Nililisaidia kulipandisha mwenyewe, lilikuwa zito.