MZEE AKIWA JUKWAANI



Tarehe 24 Aprili 2016 Papa Wemba alianguka jukwaani kule Abidjan akiimba, akafariki. Alikuwa na miaka 66. Watu huuliza: mwimbaji akizeeka, aache au aendelee?

Marehemu hatumhukumu, hesabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Tujiulize sisi. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba matendo huangaliwa mwisho wake, na mauti hayangoji mvi. Basi kazi ambayo hutaki mauti yakukute nayo, usingoje uzee ndipo uiache. Na kazi ya halali, uzee hauiharamishi.

Lakini sikia nawe uliyempigia makofi. Wazee wengine hawaachi kwa sababu wakiacha hawali. Unamwambia, "Baba, pumzika, utubu," kisha unapita mlangoni kwake bila kupiga hodi. Kumfungia mtu mlango wa riziki bila kumfungulia mwingine ni uonevu, si nasaha.

Leo ukitoka msikitini, mpelekee mzee mmoja wa mtaani kwako unga wa bukari. Nasaha itafuata nyuma ya unga.

Mwenyezi Mungu atujalie mwisho mwema. Amin.