Nyasi Hazifuti Deni

Wengi wetu wa Tunduma na Songwe hatujafika Saadani, hifadhi ya taifa iliyo ufukweni mwa Bahari ya Hindi, kati ya Bagamoyo na Pangani. Upande wake wa kaskazini palikuwa na ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Maelfu ya ng'ombe walilishwa hapo, vichaka vikafyekwa, mbung'o wakapigwa vita. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa. Vichaka vimerudi, na wanyamapori wanapita palipolala ng'ombe.

Ni rahisi kuhubiri juu ya mahame. Tunafungua Mhubiri, tunasema kazi zote za mwanadamu zitapita, na watu wanaitika Amina. Ni kweli. Lakini je, neno hilo likisemwa peke yake linamtendea haki kila mtu? Mwenye shamba alipoteza mali. Kibarua alipoteza nini?

Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukawa zao kubwa kabla ya nyuzi za viwandani kuushusha bei. Walioukata ni watu wengi wa bara, waliosafirishwa mbali na kwao wakaitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Kila mmoja alipewa kipande cha siku 30; siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Wapo waliorudi nyumbani, na wapo ambao hawakurudi.

Nyasi zinazofunika nyumba ya bwana shamba hufunika pia kaburi la kibarua. Kwa nyasi wote ni sawa. Kwa Mungu sivyo. Yakobo, katika sura ya 5, anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo humfikia Bwana. Kwa hiyo kusahau si kusamehe. Msamaha hulitaja kosa na kulipeleka msalabani. Usahaulifu hulifunika tu.

Sisi Walutheri tunakiri kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Wengine hudhani neema inatupumzisha na hesabu za zamani. Ni kinyume chake. Aliyesamehewa haogopi daftari kufunguliwa. Asiyeijua neema ndiye anayehitaji nyasi zimfichie.

Basi tulifungue la kwetu. Hapa mpakani makuli wanapakua malori, na maghorofa yanapanda kila mwaka. Torati, katika Kumbukumbu 24, inaagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua. Tuanze na majengo yetu ya kanisa. Saidia fundi aliyebeba zege la msingi, jina lake tunalijua? Amelipwa? Siku moja kuta hizi nazo zitaota nyasi. Jibu la maswali hayo halitaota.