Jeraha la Sungura

Katika nyumba za Mbulu na Hanang, ng'ombe akiumia hutibiwa upesi, kwani ni mali. Je, sungura wa mtoto, aliyechanwa na wavu wa kibanda, astahili nini? Wengine husema: ataliwa kesho. Lakini atakayechinjwa kesho, leo aumwa. Tena sungura huyaficha maumivu yake.

Basi, enyi wazazi, mfundisheni mtoto kupunguza manyoya kando ya jeraha, kuliosha kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa yakapoa, na kuwafukuza nzi wasije wakataga humo. Msimnyweshe penisilini: yaweza kumwua. Jeraha likiwa la kina, aitwe bwana mifugo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza ukatili. Huruma hufundishwa nyumbani.