Mbao ya Ugenini

Somo: Kutoka 31:1-6; Zaburi 137

 

Wanakwaya huuliza: "Mchungaji, wafadhili wataleta vyombo lini?" Si swali baya. Lakini tulipeleke kwanza kwenye Neno.

Zaburi 137 inasimulia watu waliopelekwa Babeli, wakatundika vinubi vyao mitini. Mungu hakuwakemea kwa sababu ya kulia kwao. Lakini, ndugu zangu, kinubi kikitundikwa mno nyuzi hulegea, na mkono uliokaa bure husahau kazi.

Sasa mtazame Bezaleli. Israeli walikuwa jangwani, wanakaa hemani, hawana mji. Huko huko Mungu akamjaza Roho wake. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kazi ya mikono: kuchonga mbao, kukata mawe. Akampa na Oholiabu wa kumsaidia. Na sanduku la agano lilitengenezwa kwa mshita, mti wa jangwa lile lile walilopita.

Nipe mfano mwingine. Mwaka 1879 meli Ravenscrag ilifika Honolulu, Hawaii, na watu wa kisiwa cha Madeira, Ureno, waliokwenda kulima miwa kwa mkataba. Hawakuwa wakimbizi kama sisi, lakini walikuwa mbali na kwao. Kati yao walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikumbuka gitaa dogo la kwao, wakalitengeneza kwa mti wa Hawaii uitwao koa, ambao ni jamaa ya mshita. Ndivyo ilivyozaliwa ukulele, chombo cha nyuzi nne kinachopigwa leo dunia nzima. Wimbo wa kwao, mbao ya ugenini!

Kijana anaweza kuitengeneza nyumbani, akiwa na msumeno, randa, patasi na gundi. Ila ashike mambo matatu.

Kwanza, mbao iwe kavu. Mbao mbichi hujikunja baadaye na kuachia gundi. Fundi mwenye haraka hujenga mara mbili.

Pili, kipimo kiwe cha kweli. Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 35, kile chuma cha 12 kwenye shingo kikae sentimita 17 na nusu, yaani katikati kabisa. Ukidanganya hapo, hata ukaze vigingi mchana kutwa, sauti hazitapatana. Vivyo hivyo na maisha yasiyo na uaminifu.

Tatu, uzi ufae. Waya wa breki ya baiskeli utang'oa daraja la chombo chepesi kama hiki. Tumia nailoni ya wavuvi wetu wa Ziwa Kivu. Uzi uliolegea hauimbi, uliokazwa kupita kiasi hukatika. Mungu anajua kiasi anachotukaza.

Wazazi, hapa ndipo penye uzito. Vijana wetu wanakaa wakingoja jibu la kwenda nchi ya tatu. Wengine wamengoja toka utoto. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbilia hapa Gisenyi. Nyumba ziliungua, lakini seremala aliyevuka mpaka alivuka na useremala wake. Ujuzi hauungui, wala hauulizwi karatasi mpakani.

Basi baba mwenye randa, mwite kijana wa jirani umfundishe. Mama mwenye kipande cha mbao kavu, usikichome bila kufikiri. Wafadhili wakileta vyombo, tutashukuru. Wasipoleta, bado Bwana anastahili sifa, hapa tulipo, kwa mti unaoota hapa.

Bwana aijaze mikono yenu Roho wake. Amina.